KYADDONDO: SAZA LA KALE CHINI YA MITAA YA NAMUWONGO

Safari yetu ya juma hili haihitaji tikiti ya ndege wala ya meli. Msomaji akitoka stesheni ya reli ya Kampala na kushika njia ya kusini-mashariki, baada ya mwendo usio mrefu atafika Namuwongo. Kushoto kwake ataviacha viwanda na maghala. Kulia atauona msikiti mweupe wa Kibuli juu ya kilima chake. Mbele yake kitasimama kilima cha Muyenga, ambacho watu wa Kampala wamezoea kukitaja kwa matangi makubwa ya maji yaliyojengwa kileleni. Katikati ya vilima hivyo kuna bonde. Humo mna reli, mna mfereji wa Nakivubo uchukuao maji ya jiji hadi ziwani, mna soko, mna nyumba za matofali, tena mna vibanda vya mbao na mabati vilivyosongamana hata mtu akikohoa jirani humpa pole pasipo kutoka kitandani.

Kwa hesabu za serikali Namuwongo imo katika tarafa ya Makindye, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala. Askari wa polisi wanaifahamu vyema, kwa kuwa chuo chao cha mafunzo kiko Kibuli na kambi yao kubwa iko Nsambya, na kutoka huko hadi Namuwongo si mbali. Lakini bonde hili lina anwani nyingine iliyo kongwe kuliko jiji lenyewe. Ni sehemu ya Kyaddondo, mojawapo ya masaza ya kale ya ufalme wa Buganda. Mtu aweza kudhani kwamba habari za saza la kale ni hadithi za wazee za kupitishia jioni. La, hasha. Habari hizo ndizo zinazoeleza hata leo kwa nini mtu mmoja wa Namuwongo hulala usingizi wa raha, na mwenzake aliye hatua hamsini kutoka kwake hajui kama juma lijalo atakuwa na paa.

NCHI YA KAGGO

Buganda ya kale iligawanywa katika masaza, na kila saza lilikuwa na mkuu wake mwenye cheo chenye jina maalumu. Mkuu wa Kyaggwe aliitwa Sekiboobo, wa Singo aliitwa Mukwenda, wa Buddu aliitwa Pokino, wa Bulemeezi aliitwa Kangaawo, na wa Busiro aliitwa Mugema. Mkuu wa Kyaddondo aliitwa Kaggo, na katika utaratibu wa wakuu wa masaza yeye ndiye hutajwa kwanza. Mtu alikufa au aliondolewa, lakini jina la cheo lilibaki likimngoja mwingine.

Kyaddondo imepakana na Busiro upande wa magharibi, Kyaggwe upande wa mashariki, na Bulemeezi upande wa kaskazini. Kusini yake ni ziwa, ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria. Ni nchi ya vilima vyenye vichwa bapa, na kati ya kilima na kilima hupita kinamasi cha mafunjo. Juu ya vilima walikaa wafalme na wakuu. Kwenye miteremko ilistawi migomba. Bondeni hapakujengwa, bali palikatwa mafunjo, palichotwa maji, na palifinyangwa udongo. Mpango huo wa kilima, mteremko na bonde ni wa kuukumbuka, maana tutaurudia.

Kati ya majirani hao, Busiro na Kyaddondo ziligawana kazi nzito ya ufalme. Busiro ni nchi ya makaburi ya wafalme, na jina lake lenyewe linakumbusha amasiro, yaani makaburi hayo. Kyaddondo nayo, hasa katika karne ya 19, ilikuwa nchi ya mfalme aliye hai, mahali pa jumba lake na mji wake. Mutesa I, aliyetawala tangu 1856 hadi 1884, alibadili desturi: aliagiza azikwe katika jumba lake mwenyewe pale Kasubi. Wafalme watatu waliomfuata, yaani Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II, nao wakazikwa hapo. Makaburi ya Kasubi yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na baada ya miaka mingi ya kazi ya ujenzi yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

MJI ULIOKUWA PICHA YA NCHI

Mji mkuu wa mfalme uliitwa kibuga, nao haukukaa mahali pamoja. Mfalme alipofariki, au kuni zilipokwisha, au maradhi yalipozidi, kibuga kilihamishiwa kilima kingine. Mwingereza Speke alipofika mwezi wa Februari 1862 alimkuta Mutesa I pale Banda, kando ya mahali inapopita leo barabara kuu ya Jinja. Stanley alipofika mwaka 1875 mfalme yuleyule alikuwa na jumba lake Rubaga. Baadaye makao yakawa Mengo, ambako yamebaki hadi leo.

Ingawa kilihama, kibuga kilijengwa kwa mpango uleule. Jumba la mfalme lilikaa juu ya kilima, limezungukwa na ua wa matete uliosukwa kwa ustadi. Kutoka langoni zilitoka barabara pana, na kila barabara ilielekea upande wa saza fulani. Kila mkuu wa saza alipewa mahali pa kujenga katika upande wa mji ulioelekea nchi yake. Kwa hiyo mgeni aliyejua masaza aliweza kuuzunguka mji pasipo kuuliza njia. Mji ulikuwa ramani ya ufalme mzima iliyochorwa ardhini kwa matete na nyasi.

Mpango huo haukuwa pambo. Mkuu wa saza alipaswa kuonekana mbele ya mfalme mara kwa mara, na alipokuwa mjini nchi yake iliangaliwa na naibu wake. Mkuu aliyekaa muda mrefu pasipo kuja kibuga alishukiwa kwamba anakusudia uasi. Wakuu wenyewe, isipokuwa wachache wa urithi, waliteuliwa na mfalme na kuondolewa naye. Ardhi waliyoitawala ilifuata cheo: aliyevuliwa cheo aliondoka, na mwingine akaingia. Wakulima nao walikuwa na uhuru mmoja mkubwa. Mkulima aliyeonewa na mkuu wake aliweza kubeba jembe lake na watoto wake akahamia kwa mkuu mwingine, na mkuu asiye na watu hakuwa mkuu. Uhuru huo ndio ulioondolewa na karatasi tutakayoifikia.

BUNDUKI JUU YA KILIMA

Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliingia Kyaddondo na kupiga kambi juu ya kilima kidogo kinachotazamana na Mengo. Inasimuliwa kwamba kilima hicho kilijulikana kwa swala wa aina ya impala waliolishwa hapo, na jina la Kampala likatokana na hao. Siku hizi mahali hapo huitwa Kampala ya Zamani.

Wasomaji wetu walio jeshini watapenda kujua kwamba historia ya majeshi ya Uganda ya nyakati za ukoloni ilianzia katika mambo ya miaka hiyo. Mwaka 1891 Lugard alisafiri magharibi hadi karibu na ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki huko na kiongozi wao Selim Bey baada ya Emin Pasha kuondoka. Askari hao na jamaa zao ndio waliokuja kuwa shina la kikosi cha Uganda. Waliasi mwaka 1897, baada ya safari za mfululizo na malalamiko ya ujira. Mwaka 1902 vikosi vya Uganda viliunganishwa na vya nchi jirani, likazaliwa jeshi la King's African Rifles, ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita Keya. Katika jeshi hilo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya chakula pia, na kutoka huko kikaingia kambini na katika nyumba za askari.

Kabla ya hayo palikuwa pamemwagika damu. Tarehe 24 Januari 1892 Waganda wa madhehebu ya Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipigana pale Mengo, na bunduki za Lugard zikaamua vita. Waislamu wa Buganda nao walikuwa na kiongozi wao, mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa I. Mwaka 1893 Waingereza walimpeleka Zanzibar, akarejea mwaka 1895. Ukoo wake ndio uliokuwa na Kibuli, na mwanawe Badru Kakungulu alitoa ardhi hapo kwa ajili ya msikiti na shule. Kwa njia hiyo kila kilima cha Kyaddondo kilipata mwenyewe: Namirembe Waprotestanti, Rubaga Wakatoliki, Kibuli Waislamu, na Nsambya wamisionari Wakatoliki waliotoka Uingereza, waliofika mwaka 1895 na kufungua hospitali mwaka 1903. Vilima viligawanywa. Mabonde hayakutajwa.

KARATASI YA MWAKA 1900

Tarehe 10 Machi 1900 ilitiwa sahihi mapatano kati ya serikali ya Uingereza na Buganda. Mfalme Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu, kwa hiyo mamlaka yalikuwa mikononi mwa walinzi wa ufalme watatu: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mapatano yaliitambua Buganda kuwa yenye masaza 20, na Kyaddondo ikiwamo. Kila nyumba ikatozwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka, na kila mwenye bunduki rupia 3.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa ardhi. Buganda nzima ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Mfalme alipewa 350. Kila mkuu wa saza alipewa 16, yaani 8 zikiwa mali yake mwenyewe na 8 zikiwa za cheo chake. Wakuu wengine na wenye mashamba wapatao 1,000 wakapewa jumla ya maili za mraba 8,000. Sehemu kubwa ya mapori, misitu na ardhi isiyolimwa ikawa ya serikali ya Uingereza. Kwa kuwa hesabu ilifanywa kwa maili, ardhi hiyo iliyogawiwa ikaitwa mailo, na jina hilo limo katika sheria za Uganda hadi leo.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo kwa makini. Yuko mfalme, wako wakuu, iko serikali. Mkulima aliyekuwa na migomba yake kwenye mteremko hakutajwa kwa kipimo chochote. Alikwenda kulala akiwa mtu wa mkuu fulani, akaamka akiwa mpangaji wa mwenye hati. Na ule uhuru wake wa kubeba jembe na kuhama ukapungua nguvu, kwa sababu mwenye hati hakumhitaji tena ili awe mkubwa, hati ilimtosha.

Malalamiko yalizidi kadiri pamba na kahawa zilivyoanza kuleta fedha, kwa kuwa wenye mailo walidai ushuru mkubwa wa mazao. Mwaka 1928 ikapitishwa sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoweka kikomo cha kodi ya ardhi na cha ushuru wa mazao, na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo maadamu analipa. Hapo neno kibanja, yaani mahali pa mpangaji juu ya ardhi ya mwenye hati, likapata uzito wa sheria.

MFANO WA MUSASHI

Ili tuipime hatua hiyo ya 1900, inafaa kuitazama nchi ya mbali iliyokuwa na majimbo ya kale, nayo ni Japani. Mji wa Tokyo umejengwa ndani ya jimbo la kale liitwalo Musashi, kama vile Kampala ilivyojengwa ndani ya Kyaddondo. Zamani mji huo uliitwa Edo, na huko alikaa shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima. Tangu mwaka 1635 sheria iliwalazimisha mabwana wa majimbo kukaa Edo kwa zamu, mwaka huu mjini na mwaka ujao nyumbani, huku wake zao na warithi wao wakibaki mjini siku zote. Shabaha ilikuwa ileile ya kibuga cha Buganda: bwana aonekane, asipate nafasi ya kuasi.

Mwaka 1868 utawala wa shogun uliangushwa na Edo ikapewa jina la Tokyo. Mwaka 1871 serikali mpya ilizifuta himaya za mabwana na kuweka mikoa. Musashi ikakatwa vipande, ambavyo leo vimo katika Tokyo, Saitama na Kanagawa. Hadi hapo habari za nchi hizi mbili zinafanana sana. Zinapoachana ni katika ardhi. Mageuzi ya kodi yaliyotangazwa Japani mwaka 1873 yalitoa hati kwa yule aliyekuwa akitambulika kulipa kodi ya shamba, na mara nyingi huyo alikuwa mkulima mwenyewe. Mabwana walilipwa fedha, wakaachana na ardhi. Haikuwa pepo, kwa maana wakulima wengi waliishiwa wakawa wapangaji tena, ikabidi yafanywe mageuzi mengine makubwa kuanzia mwaka 1946. Hata hivyo, Japani ililifuta jimbo na kumwandikia hati mkulima. Buganda ililibakiza saza na kumwandikia hati mkuu.

RELI YASHUKA BONDENI

Namuwongo ya leo ni mtoto wa reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilivushwa ziwa kwa meli hadi Port Bell, kisha ikapandishwa Kampala kwa reli fupi. Mwaka 1931, baada ya daraja la Nile kujengwa Jinja, reli ya Mombasa ikafika Kampala yenyewe. Mhandisi wa reli hapendi kilima, hutafuta bonde. Ndiyo maana reli ikapita palepale ambapo watu wa Kyaddondo hawakujenga.

Penye reli hukaa maghala, na penye maghala hufuata viwanda. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954 na umeme ukapatikana kwa wingi, eneo la viwanda la Kampala lilizidi kukua. Viwanda vilihitaji mikono. Serikali ya kikoloni ilikuwa imezoea kuipata mikono kwa nguvu: kwanza kwa luwalo, kazi ya umma isiyo na malipo, kisha tangu mwaka 1909 kwa kasanvu, kazi ya lazima yenye ujira mdogo, iliyokomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Jina la Kasanvu lipo hata sasa kando ya reli hapo Namuwongo, ni jina la mtaa. Baadaye haikuwa lazima kumkamata mtu. Kodi na shida zilimleta mwenyewe. Walikuja watu wa kaskazini na magharibi ya Uganda, walikuja Wakenya, wengi wao wakiwa kazini reli, hata serikali ilipowafukuza wafanyakazi Wakenya kwa maelfu mwaka 1970. Katika miaka ya vita vya kaskazini waliongezeka watu walioyakimbia makwao.

Wote hao walitafuta mahali pa kulala palipo karibu na kazi na pasipo gharama kubwa. Kilimani palikuwa na wenyewe. Mteremkoni palikuwa na wenye vibanja. Wao wakashuka bondeni, kwenye mitaa kama Soweto na Kanyogoga, penye mafunjo na ukingo wa reli. Ule mpango wa kale wa Kyaddondo, wa kilima cha mkubwa, mteremko wa mkulima na bonde lisilo na mtu, uliendelea kufanya kazi yake, isipokuwa sasa bonde lilikuwa na watu.

Bonde halikuwasamehe. Mvua kubwa ikinyesha katikati ya Kampala, maji ya jiji zima hufuata mfereji wa Nakivubo na kuingia majumbani mwao. Kipindupindu kilichoingia Kampala mwishoni mwa 1997 kiliyashambulia zaidi mabonde kama hili. Nao mafunjo yanayokatwa ili pajengwe ndiyo yaliyokuwa yakichuja maji machafu kabla hayajafika katika ghuba ileile ambako, pale Ggaba, jiji huchota maji yake ya kunywa. Kwa hiyo akaaye kilimani asidhani kwamba shida ya bondeni haimhusu, huinywa.

SAZA LILIFUTWA, HATI ZIKABAKI

Kyaddondo kama utawala imeonja kufa na kufufuka. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali kuu yalilishambulia jumba la mfalme pale Mengo, na Mutesa II akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa, na Mengo iliyokuwa mji wa peke yake ikamezwa. Kaggo akakosa kiti. Falme ziliporudishwa mwaka 1993 na Mutebi II akatawazwa pale Naggalabi tarehe 31 Julai, vyeo vya kale vilirudi pamoja naye, safari hii vikiwa vya utamaduni, pasipo mamlaka ya kutoza kodi wala kuhukumu. Makao ya saza la Kyaddondo yako Kasangati, kandokando ya barabara ya Gayaza, yapata kilomita 14 kutoka katikati ya jiji. Kwa serikali, saza hilo limegawanyika kati ya jiji la Kampala na wilaya ya Wakiso.

Ardhi nayo ilipita katika misukosuko yake. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma na kuigeuza mailo kuwa ardhi ya kukodi kwa muda. Lakini watu hawakuzitupa hati zao, na Katiba ya 1995 ikairudisha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja aliyekaa kwa haki, pamoja na yule aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo pasipo mwenye ardhi kumpinga. Marekebisho ya 2010 yakasema kwamba mtu huyo asiondolewe ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu ya kutolipa kodi ya ardhi ya mwaka.

Namuwongo yenyewe ilijaribiwa kutengenezwa. Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa wasio na makazi, serikali ilianzisha hapo mpango wa kupanga upya mtaa na kuwapa watu viwanja na nyumba za gharama nafuu. Barabara zilichongwa na viwanja vikapimwa. Lakini kiwanja kilichopimwa hupanda bei, na baadhi ya waliopewa waliuza kwa wenye uwezo, wakashuka tena kwenye kinamasi na ukingo wa reli. Ndiyo maana ukipita leo utaona ukuta mrefu wenye lango la chuma, na nyuma yake mstari wa vibanda. Mwezi wa Julai 2014 vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi ya reli vilibomolewa. Watu wa vibanda hivyo hawakuwa na kibanja cha kudai, kwa sababu walijenga juu ya ardhi ambayo sheria ya vibanja haifiki. Waliofuata mteremko hatua chache zaidi, wakiwa na shida zilezile na umaskini uleule, walibaki majumbani mwao.

KWA MWENYE KUTAFUTA KIWANJA

Askari wengi hununua ardhi wakiwa mbali na nyumbani, kwa fedha walizoweka kidogo kidogo, na mara nyingi ni mke au mume aliyebaki ndiye afuatiliaye mambo. Kwa ajili ya jamaa hizo, historia ya Kyaddondo ina mafunzo manne.

La kwanza, uliza miguu yako imesimama juu ya ardhi ya namna gani. Katika bonde moja tu la Kampala, mailo ya mtu, ardhi ya kukodi, hifadhi ya reli na kinamasi huweza kupakana, na kwa macho vyote ni udongo mmoja. Kinamasi kimewekwa na Katiba mikononi mwa serikali kwa faida ya wote. Anayekuuzia hapo hana cha kukuuzia.

La pili, ikiwa ni kibanja, mtafute mwenye hati. Mwenye kibanja anapotaka kuuza, sheria humtaka ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Na mwenye ardhi naye akitaka kuuza, ampe mwenye kibanja nafasi hiyohiyo. Kibanja kilichonunuliwa gizani, pasipo mwenye hati kujua, ni ugomvi ulionunuliwa.

La tatu, nenda ofisi ya ardhi ukapekue daftari, usiridhike na karatasi aliyoishika muuzaji. Chukua mpima ardhi, waite majirani na mwenyekiti wa kijiji, na mipaka ioneshwe mchana. Stakabadhi za kodi ya ardhi za kila mwaka zitunzwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

La nne, nyumba mnamoishi haiuzwi na mtu mmoja. Sheria ya Ardhi inataka mke au mume akubali kwanza kabla ardhi ya makao ya jamaa haijauzwa wala kuwekwa rehani. Na anunuaye naye aulize kama mwenzake muuzaji amekubali, asije akalipa kisha akarudishwa mlangoni.

Kyaddondo haina tena ngoma ya kuita watu vitani, wala Kaggo hatozi ushuru. Barabara zimeufunika mji wa matete, na vijana wengi wa Namuwongo hawajapata kulisikia jina la saza lao. Lakini kila mara mwenye nyumba wa bonde hili anapoambiwa aoneshe karatasi yake, ni mwaka 1900 unaobisha hodi. Heri amkute ana la kujibu.